Foleni ya Mwalimu wa Falsafa

12 Januari

Wapiganaji wenzangu, wana wa fikra zisizofungika, saa ya kuhoji imewadia!

Shangazi, nisamehe. Mkono umezoea. Miaka mingi ya kuandika hotuba za migomo ya chuo imeniharibu, na kalamu yangu haijui tena kuanza barua kwa adabu. Ngoja nianze upya.

Shikamoo, Shangazi. Ni matumaini yangu kwamba u mzima, kwamba goti limeacha ubishi, na kwamba duka la magodoro linaendelea kuwalaza wema na waovu wa mtaa huo bila ubaguzi. Nisalimie baba mkubwa na baba mdogo, hata yule aliyesema mbele ya watu kwamba shahada yangu ni cheti cha kubishana. Mimi nimefika salama. Chumba nilichopangiwa kina kitanda cha chuma, dirisha moja lisilokubali kufungwa, na godoro ambalo wewe ukiliona utalifanyia mazishi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Shule hii imeniajiri nifundishe Falsafa. Falsafa, Shangazi! Katika nchi ambayo mtoto hukaririshwa hadi akasahau jina lake, hatimaye pamefunguliwa dirisha, nami ndiye niliyekabidhiwa komeo. Lakini somo langu ni la hiari. Nilipolisikia neno hilo nilipiga makofi, maana hiari ndiyo mama wa uhuru. Nilikuwa sijaelezwa utaratibu.

Utaratibu ni huu. Muhula wa kwanza, kidato cha tatu chote huonjeshwa masomo yote ya hiari: Upishi, Kompyuta na Falsafa. Mwishoni mwa Machi hufika Siku ya Kuchagua. Sisi walimu watatu husimama uwanjani, na kila mwanafunzi huenda kusimama nyuma ya mwalimu anayemtaka. Mkuu wa shule hupita akihesabu vichwa. Somo lisilopata vichwa ishirini hufutwa, na mwalimu wake hufunga virago.

Mkuu alinipokea ofisini kwa maswali.

“Mwalimu, hicho unachofundisha kinaliwa?”

“Hakiliwi, Mkuu.”

“Kinachomekwa kwenye umeme?”

“Hapana.”

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mwenzake akipanda basi lisilo na breki. Kisha akanikabidhi ufunguo wa darasa langu, ambalo ni stoo ya vifaa vya michezo. Ninafundisha nikiwa nimezungukwa na mipira iliyoishiwa pumzi.

Sijasahau ahadi niliyokupa mlangoni pako. Wasipofika ishirini, nitarudi nyumbani, nitasimama nyuma ya kaunta, na nitauza magodoro hadi nizeeke. Lakini sitarudi. Historia iko upande wangu, Shangazi. Iliyo upande wa Upishi ni keki tu.

Mwanao,
Mwalimu

*

3 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti yako, nikachoka. Mara ya pili niliisoma kwa sauti ya kawaida, ndipo nikaelewa.

Huku tu wazima. Goti linapanda ngazi likilalamika, lakini linapanda. Kaka zangu walikuja Jumapili. Mkubwa alilalia kila godoro dukani akisema anapima uimara, akapitiwa na usingizi kwenye lile la bei kubwa kuliko yote, akaamka, akaaga. Hakununua hata foronya. Mdogo alisimama mlangoni, akatazama duka juu na chini, akaniuliza, “Dada, hivi hii mali ya mwanamke mpweke inasimamiwa na nani?” Nikamwambia inasimamiwa na huyo mwanamke mpweke. Hakulipenda jibu. Wanasubiri urudi, ili nyumba iwe na mwanamume. Maneno yao hayo, si yangu.

La mwisho kabla sijaingia kwenye lako: saa ya ukutani ya hapa dukani inakwenda. Ilikufa tangu marehemu mume wangu alipoondoka, nami sikuwa na haraka ya kuifufua. Sasa amehamia fundi saa chumba cha jirani, mgane, mtu wa maneno machache. Aliitazama tu akasema, “Hii haijafa. Imechoka kutotazamwa.” Akaitengeneza.

Sasa nisikilize. Nafasi yako nyuma ya kaunta ipo, na nimeifuta vumbi. Sikuombei mabaya, lakini nauliza kama mfanyabiashara: unawauzia nini hao watoto? Kwamba hawajui kitu? Hilo walimu wengine wanawaambia kila siku, tena bure, bila kungoja wachague. Godoro halihitaji hotuba. Mtu analala, anaamka, analipa. Wewe mteja wako akilala ndiyo hasara.

Ahadi ni ahadi. Wakipungua ishirini, njoo.

Shangazi yako

*

21 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba saa imefufuka. Naomba umpe fundi salamu zangu za mshikamano, kwani naye ni mfanyakazi, na mfanyakazi ndiye shina la jamii. Kuhusu swali la baba mdogo la mlangoni, nimeliandikia majibu ya kurasa sita, lakini nimeyaweka akiba. Silaha haitolewi yote siku moja.

Unauliza ninawauzia nini. Siuzi! Ninawasha! Siku ya kwanza niliingia stooni, nikaweka kiti mbele ya darasa, nikanguruma: “Mnajuaje kwamba kiti hiki kipo?”

Kimya. Kimya kitakatifu, Shangazi, kile kinachotangulia mapambazuko. Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na wavu wa mpira wa pete:

“Mwalimu, kama huna uhakika nacho, naomba mimi nikikalie. Benchi letu limevunjika.”

Ni msichana mmoja mrefu, wenzake humwita Wakili. Alikuja, akakikalia, na akaendelea kukikalia hadi leo. Kila ninapomwambia akirudishe hunijibu, “Kipi?” Ninamwogopa kidogo, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mimi wamenibandika jina la Mwalimu Kwa Nini. Juzi mlinzi wa lango aliniuliza natoka saa ngapi, nikamwuliza kwa nini anataka kujua, wanafunzi waliokuwa karibu wakalipuka kwa vicheko hadi mlinzi akaenda zake bila jibu.

Adui yetu ana nguvu, sikufichi. Mwalimu wa Upishi ni mama mnene, mpole, mwenye sauti ya asali, na jiko lake limepakana na stoo yangu. Mimi nikifika kwenye kilele cha hoja, yeye anafungua tanuri. Harufu inaingia dirishani kama jeshi la uvamizi. Nimeona vijana waliokuwa wakitafakari maana ya haki wakigeuza pua zote kwa pamoja, kama alizeti. Mwalimu wa Kompyuta naye ana kompyuta tano, mbili zinawaka, na hizo mbili zinamtosha.

Lakini nimetengeneza silaha ya mwisho. Wiki hii nimefundisha somo kubwa kuliko yote: hatari ya kufuata mkumbo. Nilipanda juu ya boksi la viatu vya mpira, nikasema: “Mtu huru hasimami mahali kwa sababu wenzake wamesimama hapo! Ukiona watu wamejipanga, usijipange! Jitenge! Simama peke yako, katikati ya uwanja ikibidi, ujiulize: niko hapa kwa akili yangu au kwa miguu ya wengine?” Walinipigia makofi, Shangazi. Walisimama. Wakili hakupiga makofi. Alisema hawezi kupiga kwa sababu wenzake wote wanapiga. Nilikaribia kutokwa na machozi ya fahari.

Waje sasa na keki zao. Hakuna keki itakayoistahimili hoja hii.

Mwanao mpiganaji,
Mwalimu Kwa Nini

*

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya tunashukuru. Goti limetulia. Fundi saa anasema kupanda ngazi polepole kuna faida yake, mtu anapata muda wa kuzungumza.

Saa ya dukani ilisimama tena, akaitengeneza. Wiki iliyofuata ikasimama tena, akaitengeneza tena. Saa ya chumbani nayo imeanza kuchelewa, nimempelekea. Ana subira sana. Na juzi shehena ya magodoro ilipofika wapakuaji hawakuja, akapakua yeye. Godoro la sita kwa sita, peke yake, begani, kama mtu aliyebeba taulo.

Nimelifikiria hilo somo lako la kujitenga na foleni. Mimi sikusoma ulivyosoma wewe, lakini duka nimeliendesha tangu hujazaliwa, na sijawahi kuwaambia watu wakimbie foleni huku mwenyewe nangoja foleni. Litazame tena kabla ya hiyo siku yenu.

Nina swali, maana wewe ndiye mwenye taaluma. Si langu. Kuna mteja wangu mmoja, mjane, mtu mzima wa makamo. Ametokea mtu mwema, anataka kumwoa. Huyo mteja amejiendesha mwenyewe miaka mingi, hana shida. Lakini ndugu zake wa kiume watasema amezeeka kwa mambo hayo, na kwamba anataka kuwatia aibu. Falsafa inasemaje? Mtu anaishi kwa ajili ya moyo wake au kwa ajili ya macho ya watu? Jibu kwa kifupi. Huyo mteja ana shughuli nyingi.

Shangazi yako

*

30 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hali ya hewa huku ni nzuri. Mvua ilinyesha Jumanne. Jirani yangu wa chumba amenunua ndoo. Mimi ni mzima.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imenifikia jana tu. Sijui ilikuwa imelala wapi.

Nianze na swali la mteja wako, kwa sababu ni swali la haki, na haki haingoji. Mwambie huyo mama hivi, na umwambie kwa sauti: aolewe! Macho ya watu hayapiki, hayafui, wala hayaulizi umelalaje. Wale ndugu zake ni ukoloni wa sebuleni! Kwa kanuni ipi kaka, ambaye hajui dada yake anakula nini, ajue dada yake ampende nani? Kama wangekuwa ndugu zangu ningesimama mbele yao, mchana kweupe, na kuwavunjia hoja moja baada ya nyingine. Mwambie asirudi nyuma hata hatua moja. Mwambie kuna kijana mmoja, mbali sana, aliye nyuma yake.

Basi, nadhani hayo ndiyo mambo makubwa. Ndoo ya jirani ni ya kijani.

Siku ya Kuchagua ilikuwa jana.

Acha niseme, maana hata nikinyamaza utaniuliza. Tulitoka uwanjani asubuhi, walimu watatu. Mwalimu wa Upishi alisimama na sinia lililofunikwa kitambaa. Mwalimu wa Kompyuta alisimama na waya, waya mtupu, Shangazi, na bado ulivutia. Mimi nilisimama na mikono mitupu, kifua mbele. Mkuu akapuliza filimbi. Kidato cha tatu chote kikamiminika uwanjani.

Nyuma ya Upishi palijaa. Nyuma ya Kompyuta palijaa. Nyuma yangu nilisikia hatua, moja, mbili, kisha nyingi. Walikuwa wanakuja! Foleni yangu ilianza kujengeka, nami nikawa tayari nimetunga sentensi ya kwanza ya hotuba ya ushindi. Ndipo nikasikia sauti ya Wakili:

“Hebu ngojeni. Mnaona tunachofanya? Tunajipanga.”

“Mimi nimesimama hapa kwa sababu huyu amesimama hapa,” akasema mmoja.

“Na mimi kwa sababu yako wewe.”

“Basi huu ni mkumbo,” akasema Wakili. “Mimi najitenga.”

Akajitenga. Wakajitenga wote. Walitawanyika uwanja mzima, kila mmoja peke yake, hatua kadhaa kutoka kwa mwenzake, mikono nyuma, macho mbinguni, wakijiuliza. Mmoja alikuwa karibu na mlingoti wa bendera. Mwingine alisimama kwenye dimbwi. Walikuwa zaidi ya thelathini, Shangazi! Sijawahi kuona darasa lililoelewa somo kwa kiwango kile, na sijawahi kutamani kiasi kile kwamba wangelisahau.

Mkuu alipita akihesabu. Alipofika kwangu alitazama nyuma yangu, akatazama ubavuni, akainama kidogo kana kwamba huenda wamejificha chini ya koti langu.

“Mwalimu, wako wapi?”

“Wale pale, Mkuu. Na yule. Na yule wa kwenye dimbwi.”

“Wale hawako nyuma yako.”

“Wako nyuma yangu kifikra.”

“Mimi nahesabu vichwa,” akasema Mkuu. “Fikra sina pa kuziandika.”

Sifuri. Ningefunga virago leo hii, ila Upishi wamezidi uwezo wa majiko, na wale thelathini na ushee hawana somo. Mkuu ameamuru Siku ya Kuchagua irudiwe tarehe kumi na tano Aprili, na ametangaza kwamba hiyo ni ya mwisho. Nimekwenda kwa Wakili kumsihi. Nilisema, “Mwanangu, siku hiyo njooni tu mjipange.” Akanitazama kwa huzuni akasema, “Mwalimu, hivi kweli wewe ndiwe unayetuambia hivyo?”

Lifute tena vumbi lile la kaunta.

Mwanao

*

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka hadi mteja akaniletea maji. Fundi saa naye amecheka, na yeye si mtu wa kucheka. Ilikuwa kama kusikia saa ya babu ikipiga saa sita ghafla. Barua yangu ile iliyochelewa, kosa ni lake. Nilimpa akaitie posta, akaiweka kwenye sanduku la vifaa, kisha tukaingia kwenye mazungumzo, ikalala humo kati ya springi na koleo wiki mbili.

Umemjibu vizuri yule mteja wangu. Nimempa majibu yako neno kwa neno. Ameyakunja, ameyaweka kifuani.

Sasa na mimi nikujibu lako, tena kwa haraka, barua hii inaondoka na basi la leo na dereva ameapa kukufikishia mkononi. Nilipofungua duka, marehemu mume wangu aliyapanga magodoro ndani, tukakaa nyuma ya kaunta, tukangoja. Mwezi mzima tuliuza mto mmoja. Watu walipita nje wakitazama, kuingia hawaingii, maana mtu akiingia dukani anaona amekwisha kubali kununua. Siku moja nikachoka. Nikatoa godoro, nikalitandika nje, pale pale wanapopita, nikakaa pembeni nikinywa chai. Sikumwita mtu. Kabla ya adhuhuri walikuwa wanalikalia.

Umenielewa? Wewe umesimama kama kaunta. Unangoja waje nyuma yako, na mwenyewe umewafundisha wasije. Usiwageuze wao, wamekusikia vizuri mno. Miguu ni yako pia.

Kuhusu kurudi, usiwe na haraka. Ile nafasi nyuma ya kaunta kwa sasa kuna mtu anaishikilia vizuri.

Shangazi yako

*

17 Aprili

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tatu! Nipe nafasi nipumue, kisha nikusimulie kwa mpangilio unaostahili.

Barua yako niliipokea kwa dereva, nikaisoma nimesimama. Nakiri kwamba nilichukizwa. Mimi, niliyeongoza migomo, nifundishwe mkakati na godoro! Niliiweka chini ya mto nikaazimia kutoitumia. Asubuhi ya tarehe kumi na tano nikatoka uwanjani na kifua changu kama mara ya kwanza.

Filimbi ikalia. Wa Upishi wakajipanga, wa Kompyuta wakajipanga. Wangu wakatawanyika vile vile, huyu mlingotini, yule dimbwini, ingawa safari hii dimbwi lilikuwa limekauka na yeye alisimama pale pale kwa uaminifu. Mkuu akaanza kuhesabu kutoka upande wa Upishi. Nikatazama nyuma yangu: nyasi. Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki, mito upande huu, foronya upande ule. Ndipo miguu yangu, bila kuniomba ruhusa, ikaanza kutembea.

Nilipita katikati yao wote. Nilipita mlingoti, nikampita Wakili, nikampita wa dimbwini, nikaenda mpaka mwisho wa uwanja, kwenye ukuta wa tangi la maji. Hapo nikasimama, uso ukitazama ukuta.

“Mwalimu!” Mkuu akaita. “Unakwenda wapi?”

“Nimefika, Mkuu. Tafadhali hesabu walio nyuma yangu.”

Nikasikia vicheko vikianza upande wa Upishi, na sauti ya yule mama wa asali ikisema, “Mkuu, kusema kweli, wako nyuma yake.”

“Huu ni ujanja!” Mkuu akasema. “Hawa hawakumfuata.”

Ndipo Wakili akanyoosha mkono.

“Mkuu, ni kweli hatukumfuata. Yeye ndiye aliyetufuata sisi. Sisi tulikuwa hapa kwa akili zetu, na mwalimu amekuja kwa miguu yake. Kama kuna aliyefuata mkumbo, ni mwalimu, na hilo tutalijadili naye darasani. Lakini somo tumelichagua. Ukitaka kuhakikisha, muulize kila mmoja peke yake.”

Mkuu akamtazama, akatazama saa yake, akamwendea wa kwanza kwa hasira ya mtu anayetaka kumaliza upesi.

“Wewe. Falsafa ya nini?”

“Nataka kubishana na baba yangu bila kufukuzwa nyumbani, Mkuu.”

“Wewe?”

“Niliambiwa sina akili kuanzia darasa la kwanza. Nataka kujua walipimaje.”

“Na wewe?”

“Mimi napenda tu ule ubaridi wa stoo, Mkuu, lakini sasa nimeanza kusikiliza.”

Mkuu hakumaliza upesi. Alikwenda kwa mmoja mmoja, na kila alipokwenda hatua zake zilipungua kasi. Kwa mvulana wa dimbwini alisimama kabisa, maana huyo alimwambia, “Mkuu, wewe ulichagua kuwa mkuu wa shule, au ulijikuta umepangwa?” Nilidhani nimekwisha. Mkuu alivua miwani. Akaifuta. Akasema taratibu, “Nilitaka kuwa mchoraji wa ramani.” Kisha akakumbuka yuko wapi, akafoka kwamba hilo si swali la mwanafunzi, akaandika kwenye karatasi yake bila kumalizia kuhesabu: Falsafa, inatosha.

Inatosha, Shangazi! Somo limesimama! Mimi, niliyekuwa nikichungulia juu ya bega muda wote, niliugeukia ukuta kabisa, nikabaki hivyo kitambo, kwa sababu kiongozi wa umma haonekani akilia.

Sasa kuna jambo jingine, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Kwa kusherehekea, jana nilitumia kisa cha yule mteja wako kama zoezi la hoja, bila kutaja mtu. Mjane, mtu mwema, ndugu wakali. Ili kulinogesha nikaongeza mambo ya kawaida kutoka barua zako, kuhusu saa inayosimama kila wiki na fundi anayebeba magodoro. Nikauliza, “Tunaweza kuhitimisha nini?”

Wakili hakufikiri hata kidogo.

“Kwamba saa ilikuwa nzima, Mwalimu. Na mteja ni shangazi yako.”

Darasa zima likaguna kwa huruma, na huruma hiyo haikuwa kwa ajili yako, ilikuwa kwa ajili yangu. Mmoja akauliza, “Mwalimu, ulisema una shahada ya hayo mambo?”

Shangazi. Nimezisoma upya barua zako zote. Mgane. Goti. Ngazi. Springi na koleo. “Nafasi kuna mtu anaishikilia.” Mimi, mwalimu wa hoja, nilikuwa na vielelezo vyote mkononi na nikamtumia salamu za mshikamano! Nijibu kwa neno moja: ni kweli?

Mwanao, mshindi na mjinga kwa wakati mmoja

*

24 Aprili

Mpiganaji mwenzangu, mwana wa fikra zisizofungika, saa ya kuhoji imewadia!

Na mimi naweza, unaona. Si kazi ngumu, inahitaji pumzi tu.

Marahaba. Hongera kwa ushindi wako. Nimelia kidogo, kisha nikauza magodoro mawili huku machozi hayajakauka. Mteja alidhani namwonea huruma akataka kupunguziwa bei. Mpe huyo Wakili salamu zangu. Mwambie siku akitaka kazi, anayo.

Ni kweli. Saa ilikuwa nzima. Mara ya kwanza ilikuwa mbovu kweli. Mara ya pili niliisimamisha mimi, kwa kidole. Mara ya tatu nilimkuta yeye anaisimamisha, tukatazamana, ndipo tukaelewana.

Sikukwambia, kwa sababu mwanzoni nilitaka urudi, ili kaka zangu waache kuuliza mali inasimamiwa na nani. Halafu nikaona ukirudi watasema, mwanamume wa nyumba amepatikana, mume wa nini tena. Nikaanza kukuombea foleni kila nikiamka. Ndiyo maana nilikufundisha ule mkakati wa godoro, na kwa siku hiyo moja sikukufundisha kwa ajili yako peke yako.

Kaka zangu wamekwisha sikia. Mkubwa amesema ni aibu. Mdogo ameuliza kama fundi saa ana nia na mali. Fundi saa amemjibu kwamba nia anayo, mali hana, basi mambo mawili hayo hayawezi kuchanganywa. Mdogo anatafuta jibu hadi leo. Nadhani utampenda.

Uliniandikia kwamba kama wangekuwa ndugu zako ungesimama mbele yao mchana kweupe na kuwavunjia hoja moja baada ya nyingine. Karatasi hiyo ninayo, imekunjwa pale nilipokwambia. Haya, mwanangu: ni ndugu zako. Shule yenu inafungwa mwisho wa mwezi. Njoo na zile kurasa sita. Usipande juu ya boksi lolote, na mkubwa akikuita mtoto, mwitikie.

Nimekwisha panga jinsi tutakavyokaa. Viti nimevitoa sebuleni vyote. Kaka zangu watakaa kwenye magodoro, yale laini kuliko yote, ambayo mtu akishazama hawezi kuinuka kwa hasira bila kusaidiwa. Wewe utasimama. Fundi atakuwa jikoni akichemsha chai, na mimi nitakuwa nyuma yako. Foleni ya mtu mmoja, niliyojipanga kwa akili yangu.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, saa nne asubuhi, sebuleni kwangu. Saa zote za nyumba hii sasa zinakwenda sawa. Atakayechelewa asitafute kisingizio ukutani.

Shangazi yako